Nukta za Penseli

Masjala yetu ina chumba cha SIRI:
mlango wa chuma, kufuli mbili, ufunguo kwangu.
Miaka tisa nabeba majalada yenye mhuri mwekundu
na sivunji kiapo nikisema humo mna usingizi mtupu.
Matairi ya gari la mkurugenzi. Likizo ya uzazi.
Barua inayojibu barua inayokumbushia barua.
Hata panya wa Mtumba walishayaonja, wakahama.

Ndiyo maana Jumamosi nakwenda Majengo,
kwa Mbijima, auzaye vitabu vilivyochakaa
kando ya mizani ya karanga na beseni la zabibu.
Hana salamu. Anainua gunia, ananipima kwa macho:
"Hiki kina wapelelezi watatu, mmoja msaliti.
Gamba hakina. Ukurasa wa mwisho sina hakika."
Mia tano. Namlipa kama mtu anayenunua pasi ya kughushi.

Usiku, Nkuhungu, Julai, upepo unagonga mabati
kama askari waliokosea nyumba,
nami chini ya blanketi nipo na mtu wa koti refu
anakunywa chai katika hoteli ya stesheni
bila kugeukia mlango. Ana kijiko tu,
na humo kijikoni anamwona kila aingiaye nyuma yake.
Mimi hata bili ya maji siioni inavyopanda.

Mnaniuliza utamu uko wapi. Uko hapa:
kitabuni hakuna kikohozi cha bure.
Mtu akikohoa ukurasa wa kumi,
ukurasa wa mia mbili waziri anaanguka.
Kwetu bomba likikauka siku nne
unaambiwa ni pampu, kesho ni umeme, keshokutwa ni Mungu;
mkono huuoni. Kitabuni mkono upo,
una pete, una kovu, una jina la bandia,
na yupo mtu mmoja, mchovu, hana hata nauli,
atakayeudaka kabla hakujapambazuka.
Naogopa vizuri. Nalala.

Halafu hiki cha juzi.
Kina nukta za penseli, ndogo, pembeni mwa mistari.
Moja ukurasa wa sita, moja wa tisa, moja wa kumi na mbili.
Nikatwaa karatasi, nikahesabu herufi
kutoka kushoto, kutoka kulia, kwa kuruka tatu tatu.
Nikapata KALAMBU. Nikapata BUZI,
nikacheka peke yangu,
nikafunga dirisha hata hivyo.

Jumatatu getini namkuta Ndahani, mlinzi wa usiku,
anavua koti la zamu, anakitazama kitabu kwapani mwangu:
"Umeshafika darajani?"
Kumbe kilikuwa chake. Alikiuza mwezi uliopita, ada ya mtoto.
Na nukta? Akaona haya kidogo.
"Nikisikia hatua koridoni nazima tochi.
Naweka alama nilipoishia, nisipotee."

Basi. Hiyo ndiyo siri.
Nilitaka kumdai usingizi wangu.

Lakini mchana, wenzangu wamekwenda kula,
nimezirudia kurasa.
Kawaida ni nukta moja kila kurasa tatu, nne:
mtu kaenda msalani, mtu kasahau chaja.
Ukurasa wa mia arobaini na tatu una kumi na saba.
Ukurasa mmoja.
Mara kumi na saba tochi imezimwa, ikawashwa, ikazimwa,
katika jengo la matairi na likizo na barua,
na korido ile haiendi popote,
inaishia kwangu, kwenye mlango wa chuma.

Ndahani anaingia saa kumi na mbili.
Ningeweza kumngoja, nikamuuliza.
Pengine ni paka. Pengine alisinzia,
penseli ikajichezea yenyewe.

Nimelifunga jalada la matairi. Nimelifungua tena,
ninalisoma kuanzia juu, polepole,
namba kwa namba, sahihi kwa sahihi,
mara ya kwanza katika miaka tisa.
Basi la wafanyakazi limeshapiga honi mara mbili.